Yah: Malalamiko kuhusu picha mlizotuuzia baada ya mbio za nusu marathoni

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Picha za Michezo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkimbiaji na mratibu wa kikundi cha joging hapa Dar es Salaam. Baada ya mbio za nusu marathoni zilizopita katika Daraja la Tanzanite, nilinunua kwenu seti ya picha zangu kwa shilingi 20,000, nikalipa kwa simu, na wanakikundi wenzangu kadhaa wakafanya vivyo hivyo. Picha tulizoletewa hazikustahili kuuzwa. Silalamikii sura yangu wala siombi kurembeshwa kwa kompyuta. Nalalamikia mahali mlipowaweka wapiga picha wenu, namna walivyopima mwanga, na uzembe wa kuuza kila kilichonaswa bila mtu yeyote kukipitia.

Hasara kubwa ilitokea darajani. Tulifika pale mnamo saa moja asubuhi, jua likiwa bado chini juu ya bahari, na mpiga picha wenu alisimama upande wa nchi kavu akiwa ameelekeza kamera baharini, yaani kwenye jua lenyewe. Kamera ikiachiwa ipime mwanga peke yake mbele ya anga jeupe namna ile, huitia giza picha nzima, na sisi wenye ngozi nyeusi tukatoka vivuli visivyo na macho wala midomo. Jambo hili si geni katika fani yenu, kwani kwa miongo kadhaa Kodak, kampuni ya filamu za kamera, ilisawazisha rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, na watu weusi ndio walioumia. Kamera za leo hurekebishwa kwa urahisi, na kampuni inayofanya kazi Dar es Salaam haina udhuru. Angesimama tu upande wa bahari, jua likiwa mgongoni mwake, nyuso zote zingeonekana.

Kituo chenu cha pili kilikuwa hatua chache baada ya meza ya maji, ambapo karibu kila mtu ana kikombe mdomoni, maji yanamchuruzika kidevuni na mkono umeziba namba yake. Cha tatu kilikuwa kwenye mstari wa kumalizia, na mpiga picha alichuchumaa karibu mno, hivyo kinachoonekana zaidi ni matundu ya pua.

Kuhusu uchaguzi wa picha, tangu mwaka 1878, mpiga picha Eadweard Muybridge alipopiga picha mfululizo za farasi akikimbia huko Palo Alto, Marekani, inajulikana kwamba mwendo una nukta zake. Katika kila hatua ya mkimbiaji ipo nukta ambayo miguu yote miwili iko hewani na mwili umenyooka, na ipo nyingine ambayo mguu umetua, goti limekunjika na mashavu yameshuka. Kamera yenu hunasa zote mbili katika mfululizo mmoja wa picha. Kazi ya kuchagua ni yenu, na ndiyo tuliyoilipia.

Sisi wakimbiaji tunatimiza wajibu wetu. Tunabandika namba kifuani, tunalegeza mabega, tunainua uso tunapoiona kamera. Wengine tunajaribu kutabasamu kama Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42.2 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019 na ambaye hutabasamu hata anapoumia, lakini tabasamu halina faida katika uso uliozama gizani.

Kinachoniuma zaidi ni mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye wajukuu, aliyekimbia kilomita 21 kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alitaka picha ya kutundika sebuleni, na hana hata moja ambayo wajukuu wake wangemtambua. Siku ile haiwezi kurudiwa kwa ajili yake.

Aidha, picha ya mwenzetu mwingine akiwa amefumba macho na kuachama mnaitumia katika tangazo lenu bila ridhaa yake. Naomba iondolewe mara moja, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Naomba mfungue upya faili asilia za picha za darajani, mziongezee mwanga na kututumia bila malipo, mkianza na za mama huyo. Ambaye picha zake hazitarekebishika arudishiwe fedha yake yote. Naomba pia mnieleze kwa maandishi mtawapanga wapi wapiga picha katika mbio zijazo, kwa sababu wanakikundi wananiuliza kama walipie tena. Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na nakala za picha zenyewe na stakabadhi za malipo.

Wenu,
Mratibu wa kikundi cha joging na mteja wenu