Mtoto aliyelegea asisubirishwe

Mhariri,

Mtoto akichelewa kukaa, wengi husema atakaa tu, watoto hawafanani. Mara nyingi ni kweli. Lakini mtoto wa chini ya miezi 6 aliyelegea, asiyeweza kuinua shingo, anayepumua kwa tumbo huku kifua kikibonyea na ulimi ukitetemeka, apelekwe hospitali haraka. Huenda ana SMA (spinal muscular atrophy), ugonjwa unaodhoofisha misuli, aina ya 1.

Katika ugonjwa huu wa kurithi, jeni ya SMN1 haifanyi kazi, na neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli hufa. Ukali hutegemea hasa idadi ya nakala za jeni ya akiba, SMN2: zikiwa nyingi, ugonjwa huwa mpole zaidi. Wa aina ya 2 hukaa lakini hatembei mwenyewe, na mgongo huweza kupinda. Wa aina ya 3 hutembea, kisha ngazi humshinda. Aina ya 4 huanza ukubwani.

Kipimo ni cha damu, cha vinasaba. Wazazi wote wakiwa wabebaji, yaani wana jeni yenye hitilafu bila wao kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Si laana, wala si kosa la mama. Dawa, ya kwanza ikiidhinishwa Marekani mwaka 2016, hazifufui neva zilizokwisha kufa.

Msomaji wenu