Barua ya malalamiko: Neno "Junr" mlilolifukia chini ya kiraka

Kwa Meneja,
Idara ya Hati za Kale na Saini,
Nyumba ya Mnada.

YAH: KURUDISHIWA FEDHA ZA LOTI 212, HATI YA MALIPO YA CONNECTICUT YA NOVEMBA 1783

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika orodha yenu ya mnada mliitangaza hati hii kuwa ya wakati wa Vita vya Mapinduzi ya Marekani, yenye saini ya Oliver Wolcott, mmoja wa watu 56 waliotia saini Azimio la Uhuru. Hatudai kwamba hati ni ya kughushi. Karatasi ni ya enzi ile, wino ni wa enzi ile, na aliyetia saini ni Oliver Wolcott kweli. Ila ni mtoto, siyo baba. Tumelipa bei ya baba.

Tarehe peke yake ingewatosha kushtuka. Hati imetoka Hartford, katika ile ofisi ya kamati iliyokagua na kuidhinisha malipo ya kijeshi ya jimbo la Connecticut, iliyojulikana kama Pay-Table. Wolcott mtoto alianza hapo kama karani mwaka 1781, akawa mjumbe wa kamati kuanzia 1782 hadi 1784. Novemba 1783 alikuwa kijana wa miaka 23, na kuidhinisha karatasi za namna hii ndiyo ilikuwa kazi yake. Baba yake naye aliacha saini nyingi, lakini utazikuta kwenye karatasi za uhakimu wake Litchfield, za uongozi wa wanamgambo, na za unaibu gavana na ugavana kuanzia 1786 hadi alipofariki Desemba 1797. Mtoto si mtu mdogo katika historia. Ndiye aliyempokea Alexander Hamilton uwaziri wa fedha mwaka 1795. Lakini anayekusanya saini za wale 56 hana pengo la kumweka, na pengo hilo ndilo linalopandisha bei mnadani.

Wolcott mtoto mwenyewe alijua kwamba jina lake lingechanganywa na la baba yake, ndiyo maana alizoea kuongeza "Junr" mwishoni mwa jina, yaani mdogo, herufi r ikipandishwa juu kidogo. Kwenye hati yetu neno hilo halionekani. Mahali pake pana kiraka.

Tulivyokipata ni hivi, na mtaalamu wenu anaweza kurudia hatua zile zile kwa dakika kumi. Kwanza weka karatasi juu ya kioo chenye mwanga chini yake. Karatasi za wakati ule zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, juu ya kalibu ya nyaya, kwa hiyo mwanga huonyesha mistari myembamba iliyobanana, ikikatwa na mistari minene iliyoachana kama milimita 25. Kwenye hati yetu mistari hiyo inatembea vizuri mpaka inapofika mwisho wa saini, kisha inapotea ndani ya duara la milimita 14, halafu inaendelea upande wa pili. Zima taa za chumba, washa taa ya urujuanimno. Karatasi nzima inabaki hafifu na ya manjano, lakini duara lile linawaka buluu-nyeupe kama shati jipya. Huo ni mng'ao wa kemikali za kung'arisha zinazotiwa kwenye karatasi za kisasa. Karatasi ya 1783 haina kitu hicho.

Mwisho leta tochi ubavuni, mwanga ulale karibu sawa na karatasi, na uangalie kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Chini ya herufi t za "Wolcott", nje kidogo ya ukingo wa kiraka, kuna kijimkia cha wino kilichopinda kushoto, urefu wa milimita 3 hivi. Ni mkia wa J. Kwa nyuma mkia huo umepenya na kuacha doa la kahawia, kama wino wa chuma na tanini unavyofanya ukikaa miaka mingi. Mkunjo mdogo uliochorwa juu ya kiraka, unaofanya t ya mwisho ionekane imemalizika kwa madaha, haujapenya hata kidogo. Umekaa juu juu, mweusi, haujageuka kahawia. Huo ni wino wa juzi.

Hapa ndipo lawama yetu kubwa ilipo. Tundu lililozibwa na kiraka hicho halikuwa uharibifu. Serikali ya jimbo ilipomaliza kulipa, hati ilitobolewa au kukatwa ili isidaiwe tena, na mara nyingi tundu liliangukia kwenye saini au karibu nayo. Kwa mkusanyaji, tundu ni ushahidi kwamba mzunguko umekamilika: kamati imeidhinisha, mweka hazina amelipa, mpokeaji ametia saini ya kupokea nyuma, karani amefuta. Kuliziba ni sawa na kusugua muhuri wa posta kwenye stempu. Na kama ni lazima kuliziba kwa usalama wa karatasi, linazibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kitu kinachoondoka kwa unyevu kidogo, tena bila kuchora herufi hata moja, na mnunuzi anaambiwa. Ninyi mliandika "hali nzuri sana".

Maelezo mengine ya loti hiyo nayo yamekaa ovyo. Mmehesabu saini mbili za watu mashuhuri, ya pili ikiwa ya John Lawrence. Lawrence alikuwa mweka hazina wa jimbo na jina lake lipo kwa sababu hati imeelekezwa kwake alipe, tena limechapwa kwa mashine pamoja na fomu! Kiasi cha £11.8.0, yaani pauni 11 na shilingi 8 (pauni moja ni shilingi 20), mmekifasiri kuwa pauni za Uingereza. Hizo ni pauni za hesabu ya New England, ambako shilingi 6 zilikuwa dola moja ya Kihispania, wakati kwa hesabu ya London dola hiyo ilikuwa shilingi 4 na peni 6. Shilingi 228 zigawe kwa 6 upate dola 38 kamili. Kwa pauni za London ni £8.11.0 tu. Nayo loti ya jirani, ya Oliver Ellsworth, mmeiandika ni ya "mtia saini wa Katiba". Ellsworth alishiriki mkutano wa Philadelphia mwaka 1787 lakini aliondoka kabla ya siku ya kutia saini. Alikuwa Jaji Mkuu wa tatu wa Marekani, sifa inayotosha kuuzia hati bila kumwongezea nyingine. Loti hiyo hatukuinunua, tunawatajia kwa faida ya aliyeinunua.

Ufungaji pia. Hati ilikuja ndani ya mfuko wa plastiki laini ya PVC, aina inayotoa mafuta na kunata kwenye wino, na kona ya juu ilikuwa imeshikizwa kwa selotepu. Tafadhali msitume mtu kuibandua. Gundi hiyo itang'oa nyuzi za karatasi. Tumeihamishia kwenye mfuko wa poliesta na haijaguswa tena.

Tunaomba mambo matatu ndani ya siku 14: mturudishie bei yote pamoja na ada ya mnunuzi na gharama za usafirishaji wa kwenda na kurudi, mtupe kwa maandishi maelezo ya kazi iliyofanyika kwenye kiraka, lini na kwa vifaa gani, ili mrejeshaji mwingine ajue anachokikuta, na msiitangaze tena hati hii bila kutaja kiraka na neno "Junr". Mkitaka kuiuza kwa jina lake halali, sisi wenyewe tuko tayari kuinunua kwa bei ya Wolcott mtoto, kiraka kikiwa kimeondolewa na tundu likiwa wazi.

Picha sita zimeambatanishwa: mbele, nyuma, mwanga wa chini, urujuanimno, mwanga wa ubavuni, na mkia wa J uliokuzwa.

Wenu,
Wakusanyaji wa hati za fedha za Mapinduzi ya Marekani
(majina na saini zipo kwenye nakala ya karatasi)