Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Wetu wa Heshima: Vali ya Moyo Inayokunjwa

Daktari mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, wanabodi, walimu wetu, wazazi wetu mliopanda matatu alfajiri kutoka Siaya, Busia na Vihiga, na wanafunzi wenzangu, hamjambo? Karibuni Kisumu, karibuni shuleni kwetu. Mimi ni katibu wa Klabu ya Sayansi na wenzangu wamenituma nisome risala hii kwa niaba yao. Daktari tunaomba utuvumilie manake ni ndefu kidogo, mambo ya moyo hayasemeki mbio mbio.

Mwaka huu klabu yetu imekaa na kitu kimoja tu, vali ya moyo, yaani ule mlango mdogo unaoruhusu damu kupita upande mmoja tu, lakini ya kutengenezwa, ambayo inakunjwa hadi iwe nyembamba kama kalamu, inaingizwa kwa mshipa wa paja ikiwa ndani ya mrija unaoitwa katheta, inasukumwa pole pole mpaka kwenye moyo unaopiga, halafu inafunguliwa huko huko ndani na mgonjwa hajapasuliwa kifua. Kuna walimu walituuliza kwani hamngechagua roboti kama shule zingine. Sababu yetu imekaa hapa hapa kwa hii hema. Ni mwenzetu mmoja, ametukubalia tumtaje bila jina, ambaye kila mwezi anaenda kudungwa sindano ya penisilini, na siku hiyo akirudi darasani utamwona anakalia upande mmoja tu mpaka jioni kwa sababu hiyo sindano inauma sana na dawa yenyewe ni nzito. Akiwa mdogo alikuwa anaumwa na koo mara kwa mara na hakuna aliyeshtuka, koo ni koo, unapewa chai ya tangawizi basi. Kumbe bakteria wa koo wanaweza kuuchochea mwili ujipige wenyewe, viungo vinavimba, na vali za moyo zinaumia, ndimi zake, yale mapazia madogo yanayofungua na kufunga, zinakuwa nene, zinashikana pembeni, zinakunjamana, mwishowe hazifunguki vizuri ama hazifungi. Hiyo sindano ya kila wiki 3 au 4 ni ya kuzuia ugonjwa usirudie, vali iliyokwisha kuharibika haiitengenezi. Daktari wewe unaijua hii habari kuliko sisi, lakini wazazi wengi hapa leo ndio mara yao ya kwanza kuisikia na tuliona tuiseme kwa sauti.

Tulianza kwa bucha. Tulimwomba muuza nyama atuwekee moyo wa ng'ombe ambao haujapasuliwa ovyo, manake mkaguzi wa nyama kwa kawaida huukata moyo kuangalia minyoo, na yule mzee akatusaidia akaongea na mkaguzi wakatubakishia sehemu ya juu nzima. Pale leba, yaani maabara yetu ya shule, tukaushika wima, mshipa mkubwa unaotoa damu ukiwa juu, tukamwaga maji kutoka kwa jagi. Ndimi tatu nyembamba zikajaa maji, zikakutana katikati, zikafunga kabisa, na maji yakasimama pale juu hayaendi popote. Darasa zima lilipiga kelele. Ukishika ulimi mmoja ukauelekeza dirishani unaona mwanga unapita, ni mwembamba hivyo, na bado huo ndio unafunguka na kufunga kama mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana, haupumziki. Halafu tukakata ulimi mmoja kwa wembe, kidogo tu pembeni, tukamwaga tena, maji yote yakashuka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi vali mbovu ni nini.

Zamani dawa ya vali mbovu ilikuwa moja, kupasua kifua, kusimamisha moyo, mashine inasukuma damu, daktari anashona vali mpya. Vali ya kwanza ya mashine iliyofaulu vizuri ni ile ya daktari Albert Starr na injinia Lowell Edwards kule Marekani mwaka wa 1960, kijipira ndani ya kijumba cha chuma. Vali za chuma zinadumu sana lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hivyo mgonjwa anameza warfarini maisha yake yote na anapimwa damu kila mara, na hapa kwetu shule ya wasichana hatuwezi kulipita hili, hiyo dawa ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hivyo msichana akiwekewa vali ya chuma anawekewa na swali kubwa juu yake. Vali za nyama ya mnyama, zilizolowekwa kwa kemikali ya glutaraldehaidi ili mwili usizikatae, hazihitaji warfarini ya maisha, lakini kwa kijana zinajaa chokaa na kuchakaa haraka.

Wazo la kukunja vali tulilipenda sana kwa sababu ya vile lilianza. Mwaka wa 1989 daktari mmoja kijana wa Denmark, Henning Rud Andersen, alisikiliza mhadhara kule Arizona juu ya stenti, ule wavu mdogo wa chuma wa kupanua mshipa ulioziba, akajiuliza kama mshipa unapanuliwa na wavu, kwa nini vali isishonwe ndani ya wavu? Aliporudi kwao alinunua waya dukani, akapata moyo wa nguruwe kwa bucha, akakunja waya kwa mikono yake, akashona vali ndani, na Mei mwaka huo huo akaiweka ndani ya nguruwe hai ikafanya kazi. Alipoandika, majarida yalimkataa, mpaka 1992 ndio ikachapishwa. Mwaka wa 2000 daktari Philipp Bonhoeffer akamwekea mvulana wa miaka 12 kule Paris vali ya mshipa wa shingo ya ng'ombe kwa njia hiyo, upande wa kulia wa moyo unaopeleka damu kwa mapafu. Halafu tarehe 16 Aprili 2002 daktari Alain Cribier wa mji wa Rouen, Ufaransa, akaiweka kwenye vali yenyewe ya ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, kwa mwanamume wa miaka 57 ambaye wapasuaji walikuwa wameshakataa kumgusa kwa vile alivyokuwa mahututi. Yule mgonjwa aliishi miezi michache tu, lakini vali ilifanya kazi, na baada ya hapo kitu kilienea dunia nzima. Waya wa dukani na moyo wa bucha! Daktari, hapa soko la Kibuye waya uko na bucha ziko.

Basi na sisi tukajaribu kutengeneza mfano. Tulikunja waya mwembamba kwa koleo tukafanya zigizaga, tukaifunga duara, kisha tukachukua ule utando unaoufunika moyo wa ng'ombe, ule ambao muuza nyama huutupia mbwa, tukakata ndimi tatu tukazishona kwa sindano na uzi. Na tunataka kusema hapa kwamba vali nyingi za kweli zinazokunjwa zinatengenezwa kwa utando huo huo wa moyo wa ng'ombe, wengine hutumia wa nguruwe. Kuikunja ndio tuliona kazi. Tulidhani waya ndio utasumbua, kumbe waya unakubali, kinachokula nafasi ni nyama na kitambaa na mafundo ya uzi. Kila uzi unaoongeza ni unene, na kila unene ni mrija mkubwa, na mrija mkubwa unachana mshipa wa paja wa mgonjwa. Vali za mwanzo zilitaka mrija wa karibu milimita 8, siku hizi imeshuka hadi kama milimita 5, na vali ikifunguka inafika milimita 23, 26, hata 29. Kingine tulichoona kwa macho yetu, ukiufungua wavu unakuwa mfupi. Kwa hivyo daktari anayeiweka lazima ajue kabla itaishia wapi ikifunguka, kwa sababu karibu sana na hapo kuna midomo ya mishipa inayolisha moyo wenyewe, ukiiziba umemaliza mtu.

Kuna njia mbili za kuifungua. Moja, wavu wa chuma cha kobalti na kromiamu unaopanuliwa na baluni, na wakati baluni imejaa, damu haipiti, kwa hivyo huwa wanaufanya moyo upige mbio sana kwa umeme, hadi mara 180 ama zaidi kwa dakika, ili usisukume damu kwa nguvu ukairusha vali nje ya mahali pake. Hapo tulinyamaza wote tuliposoma. Njia ya pili ni nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, chuma chenye kumbukumbu. Ukikiweka kwa maji ya barafu kinalainika unakikunja utakavyo, kikifika kwa joto la mwili na kutoka kwa mrija kinarudia umbo lake chenyewe. Nguvu ya kujisukuma kwa ukuta nayo lazima ipimwe, ikiwa kidogo vali inahama ama damu inavuja pembeni yake, ikizidi inafinya nyaya za umeme wa moyo zinazopita hapo na mgonjwa anaishia kuwekewa mashine ya kuongoza mapigo. Nje ya wavu wanashona kitambaa cha kuziba uvujaji, na hicho kitambaa tena kinaongeza unene. Yaani ukivuta huku, kule kunapungua, na sisi tumependa sana hiyo kazi ya kutafuta pale katikati.

Sasa Daktari, hapa ndipo penye kiini cha risala yetu. Vali hizi zilibuniwa kwa wazee wa nchi tajiri, watu wa miaka 75, 80, ambao vali yao imekuwa ngumu kwa chokaa. Ule ugumu ndio unaoushika wavu. Kijana wetu wa ugonjwa wa koo mara nyingi vali yake haina chokaa, ni laini, inavuja, wavu ukifunguka hauna pa kushika. Halafu inayoumia zaidi kwake ni vali ya mitrali, ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto, ambayo si duara kamili, ni kubwa, inanyumbuka kila pigo, imefungwa na kamba ndogo ndogo chini, na ukiiweka vali mpya vibaya unaziba njia ya damu kutoka. Tena kuna umri. Mzee wa miaka 80 vali ikimpa miaka 10 anashukuru. Leba wanaipima vali ya nyama kwa kuifungua na kuifunga mara milioni 200, ambayo ni kama miaka 5 ya moyo. Msichana wa miaka 17 akitaka miaka 50 ni karibu mara bilioni 2. Tulipiga hesabu hiyo ubaoni tukairudia tena juu tulidhani tumekosea sufuri.

Tumefurahi kujua kuna Waafrika wanaolishughulikia. Kule Cape Town, mji ule ule ambao Christiaan Barnard alihamisha moyo wa kwanza wa binadamu mwaka wa 1967, Profesa Peter Zilla na wenzake wamekuwa wakibuni vali ya kukunjwa yenye ndimi za plastiki laini badala ya nyama, pamoja na baluni yenye uwazi katikati ili damu iendelee kupita wakati wa kuiweka, na yenye vishikio vinavyotafuta mahali pake vyenyewe, ili hata hospitali isiyo na mashine za bei kali iweze kuitumia. Hiyo ndiyo aina ya ubunifu tunayotaka kufanya sisi. Hapa Kenya upasuaji wa vali unafanywa, wapo hospitali ya Kenyatta, wapo Moi kule Eldoret, wapo Tenwek kule Bomet, na tunawaheshimu sana, lakini kutoka ufuo wa ziwa hadi Bomet na mgonjwa anayehema ni safari.

Maombi yetu ni haya. Tunaomba utusaidie tupate siku ya kutembelea chumba cha ultrasaundi ya moyo pale hospitali ya Jaramogi, ile wazazi wetu bado wanaiita Russia, tuone vali hai ikifunguka kwa kioo. Tunaomba wahudumu wa afya waje shuleni mara moja kwa muhula kuangalia koo za wanafunzi, hasa kidato cha kwanza, manake koo likitibiwa mapema kwa penisilini moyo unaokolewa kabla hata ya kufikiria vali. Tunaomba maikroskopu moja nzuri ya kuangalia mishono, na kama kuna injinia unayemfahamu anayeshughulika na vifaa vya matibabu, hata aongee nasi kwa simu jioni ya Jumamosi, sisi tutakuwa tayari na maswali. Na mwalimu mkuu, ukitukubalia, leba ifunguliwe Jumamosi mchana, mwalimu wetu wa fizikia ameshasema atakaa nasi.

Daktari, baada ya chai tunakuomba upite leba kabla ya kuondoka. Moyo mwingine uko kwa friji, haujakatwa, na jagi la maji liko tayari, na mwenzetu wa sindano ndiye atakayekuonyesha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi, Kisumu.