Dawa zetu za lehemu zipimwe, na ya kwangu iwemo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua. Mimi ni mganga wa tiba asili hapa Pongwe, Tanga, nimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kazi hii nimeirithi kwa mama yangu mkubwa. Nataka kusema na waganga wenzangu, na watafiti pia, kuhusu dawa za kushusha lehemu, hayo mafuta ya kwenye damu ambayo siku hizi kila anayetoka kupima anayataja.

Ukipita soko la Mgandini au ukifungua redio utasikia dawa hizo zikinadiwa, na ushahidi ni ule ule: mteja alipima, akanywa, akapima tena, namba imeshuka. Mimi pia wateja huniletea karatasi zao za maabara, na nafurahi nao kwa dhati. Lakini mtu akishaambiwa lehemu yake iko juu huacha sambusa na mihogo ya kukaanga, huanza kutembea jioni, hupungua kilo. Pengine hata mara ya kwanza alipima siku ambayo namba imepanda kuliko kawaida yake, maana hupanda na kushuka yenyewe. Katika yote hayo, dawa yangu ya magome ya mti imefanya nini? Mgonjwa mwenyewe hawezi kuniambia. Mwenye homa anajua homa imeshuka, lakini lehemu haiumi. Hujijenga kwenye mishipa miaka na miaka mpaka siku moyo unaposhtuka au kiharusi kinapompiga mtu. Anayemuuzia mgonjwa wa namba hii dawa isiyofanya kazi amemwachia hatari yake yote, na mgonjwa anarudi nyumbani akiamini amepona.

Wapo watakaosema dawa iliyotumika vizazi vingi haina haja ya majaribio. Vizazi hivyo havikuwa na kipimo cha lehemu. Mama mkubwa aliwapa dawa hii watu waliolalamika mwili mzito na kifua kubana. Hili la lehemu tumeliongeza sisi, na ni juu yetu kulithibitisha.

India wana utomvu wa mti wa guguli, wa jamii moja na manemane, uliotumika kwa karne nyingi. Ulipopimwa Marekani kama unashusha lehemu, matokeo yakachapishwa mwaka 2003, watu 103 walifuatiliwa kwa wiki 8. Waliopewa guguli lehemu yao mbaya, ile inayojijenga kwenye mishipa, ilipanda kidogo badala ya kushuka, na baadhi yao wakatokwa na vipele. Ila mimea na kuvu vina nguvu zake: lovastatini, dawa ya hospitali ya kushusha lehemu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987, ilitokana na kuvu, na kemikali ile ile imo kwenye mchele mwekundu unaochachushwa na Wachina. Nani ajuaye magome ya Usambara yamebeba nini, kama hayajapimwa?

Njia ya kupima inajulikana. Wenye lehemu nyingi wanagawanywa kwa kura, hawa wanapewa dawa, wale wanapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani, na mpaka mwisho si mgonjwa wala mpimaji anayejua nani kapata kipi. Sisi wa pwani si wageni wa kazi hiyo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo, kati ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000, ndipo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2021.

Ugumu uko kwenye dawa yenyewe, na hapo watafiti wanatuhitaji. Magome ya masika na ya kiangazi hayalingani uchungu. Yaliyoanikwa kivulini hubaki na wekundu wake na harufu, ya juani hupauka. Mama mkubwa alitwanga, akachekecha mara mbili, akapima kwa kijiko cha mti ambacho hakukibadilisha maisha yake yote. Leo tunasema "kijiko kimoja asubuhi", na kila nyumba ina kijiko chake, huyu anasawazisha, yule anafurisha. Kwa hiyo kabla mgonjwa wa kwanza hajanywa, unga wote utoke kwenye mavuno yanayojulikana, uchanganywe pamoja, upimwe kwa gramu. Tena utiwe kwenye kapsuli, la sivyo ulimi utamwambia kila mtu yuko kundi gani. Na ini na figo vipimwe tangu siku ya kwanza, kwani cha asili nacho kinaweza kudhuru.

Kwa watafiti nina neno moja la uchungu. Walishawahi kuja watu kwangu, wakachukua magome, majani na maelezo, wakaondoka, na sijaona hata barua. Safari nyingine tuandikiane kwanza: dawa ni ya nani, ikifaulu mwenye ujuzi anapata nini, na matokeo yanarudi lini. Sheria ya tiba asili tunayo tangu mwaka 2002, hatuko porini.

Na wenzangu, tukikubali kupimwa tukubali na jibu. Dawa yangu ikishindwa, matokeo yachapishwe, nami nitaacha kuiuza kwa lehemu. Mpaka hapo, mteja mwenye vidonge vya hospitali namwambia asiviache, na amweleze daktari wake kila anachokunywa kutoka kwangu.

Magome ya msimu huu nimeyatenga, pamoja na tawi lenye majani na maua ili mtaalamu wa mimea autambue mti. Mtafiti aliye tayari aje Pongwe na mkataba wake, tukae tuusome pamoja.

Mganga wa tiba asili,
Pongwe, Tanga