Meza za bao zipewe waongozaji

Mhariri,

Matamasha ya pwani, likiwamo la Lamu, hayakosi bao. Lakini mara nyingi mafundi wawili huketi, umati ukawazunguka, na kijana aliyekuja kujifunza akaondoka bila kushika hata kete moja. Hatupingi mashindano. Tunachoomba ni meza za pembeni zenye watu wa kujitolea wa kufundisha, na watu hao waandaliwe, maana fundi wa kucheza huenda asijue kabisa kuendesha meza.

Huko Marekani, kongamano la michezo la Gen Con, lililoanza mwaka 1968 mjini Lake Geneva na sasa hufanyika Indianapolis, hutegemea sana wenye kujitolea kuendesha meza. Kila kikao hutangazwa mapema: mchezo gani, muda gani, wachezaji wangapi, na kama asiyejua kitu anakaribishwa. Karatasi ya namna hiyo ikibandikwa mlangoni, na nafasi ya kuandika majina, vurugu nyingi zingekwisha.

Kwa bao, kikao cha saa moja kinatosha: dakika 50 za kucheza, 10 za kuhesabu na kupanga upya. Ratiba izikwepe nyakati za sala. Mchezo ukikatizwa, piga picha ya bao kwa simu kabla watu hawajainuka. Mwongozaji asimamie mabao mawili, basi. Akipewa la tatu, kosa litapita upande asioutazama, na ubishi utaanza. Kila bao lina kete 64; wekeni akiba ya nane hivi, kwa sababu komwe, mbegu zinazotumika kama kete, huviringika chini ya viti na nyingine huondoka mifukoni mwa watoto. Hesabuni 32 kwa 32 kabla ya kila kikao. Ikipungua moja, hakuna atakayeiona kwa macho, ila mikono, yaani zamu za kusambaza kete, itakoma pasipostahili.

Kosa kubwa la mafundi ni kuanza na namua, awamu ya kwanza ya bao kamili ambayo kete za mkononi huingizwa moja moja. Mgeni anapangiwa kete sita kwenye nyumba, shimo lake maalumu la safu ya mbele, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwa nyumba hiyo, 22 mkononi, halafu anamiminiwa sheria za nyumba kabla hajala hata mara moja. Robo saa haipiti, yuko kwenye simu yake. Anzeni na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, mkononi hamna kitu. Mwambieni kwamba anaanzia shimo lenye kete mbili au zaidi, akizisambaza moja moja. Kete ya mwisho ikiingia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, anakula, na kula ni lazima. Ikiingia shimo lenye kete pasipo cha kula, anazoa na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala. Anayemalizwa kete za safu ya mbele ameshindwa, na vilevile anayebaki na kete moja moja tu, kwa kuwa hana pa kuanzia.

Makosa yatatokea palepale yanapotokea siku zote. La kwanza ni mwelekeo: zilizoliwa husambazwa kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na mkono huendelea kule ulikokuwa ukielekea, isipokuwa zilizoliwa kwenye kimbi, yaani mashimo mawili ya kila mwisho wa safu ya mbele, ambazo huanzia kichwa cha karibu. Jingine ni kutakata. Mkono ulioanza bila kula hauli njiani, hata ukitua mahali pazuri namna gani, na mgeni huona ameonewa. Aelezwe mapema. Pia aonyeshe shimo na upande kabla ya kugusa, kwa sababu mkono ukishakula mara mbili hakuna anayekumbuka bao lilikuwaje.

Wapambe wanaolizunguka bao hawafukuziki, tusijidanganye. Waketisheni wawili wawili kila upande, mmoja acheze na mwenzake ashauri, kisha wapokezane. Bao moja litahudumia watu wanne. Mwongozaji naye aweke mikono mgongoni baada ya mfano wa kwanza. Fundi anayemsogezea mwanafunzi kete anacheza peke yake.

Muda ukiisha, simamisheni. Msitafute mshindi kwa kuhesabu kete: mwenye nyingi nyuma na chache mbele anaweza kuwa hatua moja tu na kushindwa.

Waandaaji nao watoe maji, chakula na nauli, na mwongozaji asipangiwe zaidi ya vikao viwili mfululizo, kwani cha tatu huendeshwa kwa sauti iliyokauka na hasira. Wawepo wawili wa akiba, maana mtu wa kujitolea akiugua asubuhi hana wa kumpigia. Waliomaliza kikao cha kwanza wapangiwe kingine jioni, na huko ndiko wafundishwe namua, nyumba na sheria ya takasia.

Wachezaji wa bao,
Tanga