Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu tunaohangaika na mashine za zamani za pinboli, zile za kupiga mpira wa chuma kwa vikono. Jamani mashine ikigoma mnakimbilia kulaumu bodi ya kompyuta, wakati mara nyingi ugonjwa uko kwenye pawa saplai, sehemu inayoilisha mashine umeme.

Mi nina mashine ya kampuni ya Bally ya 1979, ilikuwa inaganda kila nikipiga flipa (kile kikono cha kurusha mpira), nikahangaika na chipu wiki mbili nzima kumbe laini ya volti 5 inashuka hadi 4.6 hivi. Nikageuza multimita (kipima umeme) upande wa AC nikapima laini ileile, namba zikaruka, yaani umeme haujatulia, ndo nikajua ile kapasita kubwa (kitunza chaji kinachotuliza umeme) ya maikrofaradi 11,700 kwenye bodi ya solenoidi, inayoendesha koili za mashine, imechoka. Kuibadilisha kulisaidia ila si kabisa, maana pini za konekta zilishaungua rangi ya kahawia na solda imepasuka duara kuzunguka pini, ufa mwembamba kama unywele, huuoni mpaka uweke lenzi.

Na hii ya kuweka fyuzi kubwa eti ndogo inakatika sana, acheni! Pengine daraja la daiodi, linalogeuza umeme wa AC kuwa DC, limepiga shoti. Zima, chomoa konekta zinazotoa umeme kwenda bodi nyingine, weka fyuzi ya saizi yake, washa. Ikidumu basi shida iko mbele huko, rudisha konekta mojamoja, na kila ukirudisha zima kwanza. Displei za mashine hizi zinatumia volti kama 190 na kapasita hubaki na chaji hata umezima, mi zishanirusha mkono mpaka nikagonga kioo.

Msomaji wenu