Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kina mlango, tufungulie

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi kutoka Kilifi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wawili wanatoka asubuhi na yunifomu zao kwenda shule, huyu wa kati namsomesha mwenyewe hapa nyumbani. Kwa hao wawili nahesabika mzazi mwema, kwa huyu mmoja sheria inanihesabu mkosaji. Ndio maana naandika.

Kijana wangu ana kifafa. Alisoma shule vizuri tu mpaka Gredi ya 4, halafu akaanza kuanguka darasani, mara ya kwanza walimu walijitahidi, mara ya tatu wenzake wakakataa kukaa naye dawati moja na mimi nikawa napigiwa simu saa nne asubuhi mama njoo umchukue mtoto wako. Siku moja nilimkuta amelazwa kwenye varanda ya ofisi peke yake, suruali imelowa, na kengele ya brek imelia watoto wote wanapita wanamwangalia. Sisemi shule gani kwa sababu sikuja kushtaki mtu, wale walimu wana watoto zaidi ya 60 kwa darasa na hakuna aliyewafundisha wafanye nini mtoto akianguka. Lakini tangu siku ile kijana akiona yunifomu tu anatetemeka. Nikamtoa.

Sasa tunasoma asubuhi, kuanzia akishakunywa dawa mpaka adhuhuri, kwa vitabu vilevile vya CBC, mtaala wa umilisi, anavyotumia dada yake. Jioni anaenda na babake kwenye banda la samaki, baharini haingii, yeye anashika daftari pembeni ya mizani, changu kilo ngapi, tasi kilo ngapi, bei ya leo ni hii, anazidisha mwenyewe halafu anamsomea babake jumla. Juzi alimkosoa tajiri mmoja aliyepunja kilo moja na robo ya pono, na hesabu za desimali ndio kwanza tulikuwa tumezianza wiki ile.

Mheshimiwa, usije ukadhani naipinga elimu ya lazima. Naiunga mkono kabisa, tena naiogopea isije ikalegezwa. Huku kwetu nimeona msichana ametolewa shule aolewe, na kilichomrudisha darasani ni chifu kumsomea baba mtu hiyo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, faini isiyozidi shilingi 100,000 au jela isiyozidi mwaka mmoja au vyote viwili. Katiba yenyewe kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki hiyo ni ya mtoto, si yangu mimi. Kwa hiyo serikali ikinibishia hodi ikaniuliza huyu kijana anasoma nini, ina haki ya kuuliza na mimi nina wajibu wa kujibu.

Shida ni kwamba hakuna anayeuliza. Kuna kunikamata au kuninyamazia, basi.

Nimekisoma kifungu cha 30 cha hiyo Sheria ya Elimu ya Msingi kwenye simu mpaka macho yakauma. Hakisemi shule peke yake, kinasema mtoto ahudhurie shule au taasisi nyingine itakayoidhinishwa na Waziri. Waziri ni wewe. Bunge lilishakuachia kalamu, haihitajiki sheria mpya wala kura ya maoni, ni wewe kuandika kanuni kwamba mzazi akijiandikisha kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, akafuata mtaala, akakubali kukaguliwa, nyumba yake itambulike. Afrika Kusini wazazi wanaandikisha watoto namna hii tangu sheria yao ya shule ya 1996. Na sisi wenyewe mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona serikali ilituambia tusomeshe watoto nyumbani, vipindi vikawa redioni KBC, hakuna aliyeitwa mkosaji.

Jambo linaloninyima usingizi ni mtihani. Enzi za mfumo wa zamani wa 8-4-4 mtoto aliyesoma nje ya shule angeweza kujisajili mtahiniwa wa kibinafsi akafanya karatasi zake akamaliza. Sasa hivi alama za kwenda sekondari ya juu, asilimia 60 ni KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, 20 ni KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na 20 ni tathmini za Gredi ya 7 na 8 ambazo ni shule ndiyo inazipandisha kwenye portali ya KNEC, baraza la mitihani. Mzazi hana paswedi. Yaani hata kijana akijua kila kitu, bila shule ya kumwingiza hayupo. Najua wazazi wanaolipa shule ya kibinafsi ili jina la mtoto likae tu kwenye orodha, mimi hiyo pesa sina na hata ningekuwa nayo huo ni uongo ambao sitaki kijana akue nao.

Ninachoomba ni kidogo. Kila kaunti ndogo itengwe shule moja ya umma ambayo watoto wa nyumbani watafanyia tathmini, mwalimu awapime, aweke alama walizozipata kwa haki hata zikiwa mbaya. Na afisa aje nyumbani kila muhula aone madaftari, akikuta nimemwacha mtoto bila masomo anichukulie hatua kwa sheria hiyohiyo, sitalalamika.

Kijana namba yake ya tathmini ya KNEC anayo, alipewa Gredi ya 3 kabla hajaanza kuanguka. Mwaka ujao ni Gredi ya 6. Nimeiandika hiyo namba kwenye jalada la daftari lake la hesabu ili isipotee, niambie tu Mheshimiwa niipeleke ofisi gani.

Ni mimi mama yake, Kilifi.